Muhuri wa Bangua F.C.

Siku ya gulio, Mtama, Likwawa alipasua robota
akaimwaga Ulaya juu ya turubai.
Nikaokota jezi ya kijani, mikono myeupe,
kifuani chupa ya kioo na mwaka 1911,
na jina refu ambalo mdomo wangu ulilikataa mara mbili.
"Elfu tatu, Katibu. Ya Ubelgiji hiyo. Pamba tupu."

Bado wananiita Katibu.
Timu ilikufa, cheo kikabaki,
kama kovu linavyobaki jipu likishasahauliwa.

Mwalimu Asteria akaitafuta nembo kwenye simu yake,
akanisomea huku akitafuna muhogo:
ilianzishwa na wapuliza vioo, watu wa tanuri,
ikacheza daraja la kwanza misimu minne,
ikashuka, ikaungana na majirani iliowachukia,
ikabadili jina, ikaungana tena, ikabadili na rangi,
hadi mahakama ikaandika: muflisi.
Uwanja sasa ni maegesho ya duka la makabati.
"Basi?"
"Basi. Na mama aliyewafulia jezi anadai mpaka leo."

Hapo nikaketi juu ya robota la Likwawa
bila kuomba ruhusa.

Maana sisi, Bangua F.C.,
tulizaliwa na king'ora cha kiwanda.
Saa tisa na nusu mashine zikinyamaza
wabanguaji walivua aproni, wakavuka barabara,
wakaingia uwanjani wananuka moshi wa maganda.
Kipa wetu Nnunduma hakuwa na alama za vidole,
mafuta ya korosho yalikuwa yamezila.
Polisi wa Lindi walimkamata kwa ugomvi wa penalti,
wakampaka wino, karatasi ikatoka laini kama shavu la mtoto,
wakamwachia wakicheka.
Chilumba, winga wa kushoto, alikimbia kama mtu anayedaiwa,
na kweli alidaiwa.
Mwaka tuliowafunga Nachingwea mbili bila
meneja alitupa debe zima la korosho nyeupe,
zile za kwenda nje,
ambazo tulizibangua miaka tukizijua kwa harufu.
Nnunduma alikula hadi akatapika. Akarudi, akala tena.

Kisha ghala likakosa mzigo.
Kisha zamu moja. Kisha nusu zamu.
Kufuli lilikuja kutoka Dar es Salaam ndani ya bahasha.
Mechi ya mwisho tulikuwa tisa,
refa akapuliza dakika ya sitini
kwa kuwa alikuwa na basi la kuwahi.
Milingoti ya goli la kaskazini iliezeka choo cha mtu ninayemjua.
Ile ya kusini sijui.

Hakuna mahakama iliyotuandika. Niliandika mimi,
ukurasa wa mwisho wa daftari: Mkutano umeahirishwa.
Chini yake: fundi Mkwachu, jezi kumi na moja,
shilingi mia nne themanini, hazijalipwa.
Fundi kafa. Deni zima.

Nilimpa Likwawa elfu mbili mia tano, tukanuniana kidogo.
Jezi nikaipeleka kwa Somoe, mjukuu wa Mkwachu,
anayeshona kwenye baraza ileile, kwa cherehani ileile.
Nikamwambia ni malipo.
Akaigeuza. "Ina tundu kwapani."
"Na timu yake imekufa."
"Sasa nani ataivaa, Katibu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na muhuri mfukoni,
wino wake uliisha enzi za kadi za sukari.
Nikaokota bibo lililodondoka nje ya ua, nikalikamua,
nikachovya, nikagonga chini ya ile chupa ya kioo.
Haukutoka vizuri. Herufi moja imeliwa na ufa:
BAN UA F.C., na duara lililolala upande.

Kwa sasa ni umaji tu, hauonekani.
Somoe alisema ataifua.
Fua, nikamwambia.
Wewe ni mtu wa huku,
unajua doa la bibo linafanya nini likiona sabuni.